Presha kuka ya lita 7 kwa supu ya makongoro: uzoefu wangu

Nimeitumia presha kuka hii ya alumini, ya kuweka juu ya jiko la gesi, kwa miezi kumi na moja, na kazi yake kubwa ni supu ya makongoro. Hapo ndipo presha inapojulikana. Nyama ya kawaida huiva kwenye sufuria yoyote, lakini kano na ngozi za mguu wa ng'ombe hutaka saa tatu mpaka nne, na mtungi wa gesi unakiona cha mtema kuni. Humu ni saa moja.

Ila saa hiyo inalainisha tu. Supu yenyewe inatengenezwa mfuniko ukishafunguliwa, na wanaolalamika kwamba supu ya presha haina ladha wengi wao wanaishia njiani.

Kipimo changu ni kilo moja na nusu ya makongoro yaliyobabuliwa na kukatwa buchani, kwa maji lita 2 na nusu. Usizidishe. Kwenye sufuria ya kawaida maji hupungua kwa mvuke; humu, moto ukiwa mdogo, hupungua kidogo tu, kwa hiyo ukimimina lita 4 kama ulivyozoea utakunywa maji ya kunawa. Isitoshe, chombo kisijae kupita theluthi mbili.

Kwanza yachemshe dakika 10 bila kufunga, mwaga maji, suuza na uondoe chembe za mifupa zilizoachwa na shoka. Si kwa ajili ya harufu peke yake. Povu na chembe hizo huziba tundu la filimbi, na likiziba, mvuke unabaki na njia moja tu, valvu ya usalama. Mimi kila mara huuinua mfuniko kwenye mwanga. Nisipouona upande wa pili wa tundu, nazibua kwa kijiti cha meno.

Kisha tia tangawizi iliyopondwa, kiasi cha vidole gumba viwili, saumu punje 8, kitunguu kimoja kizima, chumvi vijiko 2 vya chai na pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai. Filimbi ikilia, punguza moto ibaki inanong'ona, ndipo uanze kuhesabu dakika 60. Ng'ombe mzee, 75. Moto mkubwa hauivishi haraka zaidi, maana joto la ndani limeshafika karibu nyuzi 120. Unachoma gesi na kukausha maji bure.

Zima na uiache ishuke yenyewe, kama dakika 20. Supu hii ni nzito kwa mafuta na ute wa ngozi. Ukiitoa presha kwa pupa inafura na kutapika mafuta kupitia filimbi, jiko zima.

Sasa fungua, engua mafuta ya juu, tia viazi 4 vilivyokatwa nusu na pilipili mbuzi 2 nzima na vikonyo vyake. Chemsha bila mfuniko dakika 15 hadi 20. Pilipili zikifungiwa tangu mwanzo hupasuka, ukali unaingia kwenye mafuta na hakuna namna ya kuurudisha. Zikibaki nzima zinaacha harufu yake tamu, na anayetaka kutokwa jasho ataipasua kwenye bakuli lake. Supu imefika ukiona midomo inanata. Ndimu ni ya bakulini: ikichemka inapoteza harufu, na uchachu wake unakula alumini hadi supu inakuwa na ladha ya bati.

Kasoro? Kitako ni chembamba, ukikaangia kitunguu humo kinashika chini, na kikishika supu nzima inanuka moshi. Vishikio hulegea, kwa hiyo bisibisi iwe karibu. Kubwa kuliko yote ni mpira wa mfuniko. Mwezi wa nane ulikakamaa, mvuke ukawa unavuja pembeni na filimbi haiinuki kabisa. Ukienda kununua mwingine beba wa zamani, kwa sababu wa lita 5 unafanana nao kwa macho lakini hauzibi. Tangu hapo naubandua kila baada ya kupika, nauosha mafuta yote, na mfuniko nauhifadhi umegeuzwa, haujafungwa.