Kadi za hoki: zenye leseni au zisizo na nembo?

Kadi ya kukusanya ya hoki ya barafuni yenye jezi kamili ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, huhitaji ruhusa mbili: ya ligi kwa nembo na sare, na ya chama cha wachezaji, NHLPA, kwa majina na picha. Baada ya msimu uliofutwa wa 2004-05, kampuni ya kadi ya Upper Deck ilibaki peke yake na zote mbili. Mpinzani wake, Panini, akaingia 2010-11. Kufikia 2014-15 Upper Deck ilikuwa peke yake tena. Leaf, kampuni nyingine isiyo na ruhusa hizo, huafikiana na mchezaji mmoja mmoja, hasa wastaafu na chipukizi, kisha huficha nembo.

Kwa kuuza tena, Upper Deck inashinda bila ubishi. Soko hutafuta Young Guns, kadi zake za wachezaji wa msimu wa kwanza, kama ya nyota Sidney Crosby ya 2005-06, namba 201. Kadi ya mchezaji isiyo na nembo huenda kwa bei ya chini hata ikiwa adimu zaidi. Ila kwa kufungua pakiti ni kamari, kwani Young Guns nyingi ni za wachezaji watakaosahaulika.

Kwa saini, Leaf ina nguvu: maboksi yake mengi hujengwa juu ya saini. Angalia tu kama imeandikwa kwenye kadi yenyewe au kwenye stika iliyobandikwa juu yake. Ya stika hupendwa kidogo.

Utunzaji ni uleule. Kadi ya kawaida hutosha kwenye kasha gumu la pointi 35 (kipimo cha unene). Yenye kipande cha jezi ndani yake mara nyingi hudai 130, ukiilazimisha pembe hupondeka.

Mwenye kuwekeza kwa chipukizi anunue Young Guns mojamoja. Mpenzi wa magwiji wastaafu mwenye bajeti ndogo, Leaf.