KaraFun kwa ukumbi wenye babu, mama na mjukuu: inabeba wapi, inakwama wapi

Hesabu kwanza. Wimbo mmoja ni kama dakika 4. Weka dakika 1 ya kumwita mwimbaji, kumkabidhi maiki na kumpigia makofi. Saa moja inameza nyimbo 12, na shughuli ya masaa manne haivuki nyimbo 48. KaraFun, programu ya karaoke, inakupa zaidi ya nyimbo 50,000. Kwa hiyo anayeuliza kama programu hii ina nyimbo za kutosha anauliza swali lisilo na kazi. Swali la mwendesha karaoke mwenye wageni wa rika zote ni hili: zile 48 za usiku huo, ngapi zitatoka humo?

KaraFun ni huduma ya kulipia kwa mwezi, inatengenezwa na kampuni ya Recisio ya Ufaransa. Muziki wake haukukatwa kwenye rekodi za wasanii wenyewe. Unapigwa upya studio na wanamuziki wa kukodi. Faida yake ni usafi: hakuna sauti ya mwimbaji iliyobaki nyuma kama mzimu, na sauti ya kuongozea unaipandisha au kuishusha peke yake, waitikiaji nao peke yao. Hasara yake wanaigundua wazee. Gitaa walilolisikia redioni kwa miaka 40 halilii vilevile, na mzee mwenye sikio atakuambia.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pakua orodha ya nyimbo. Inatolewa bure kwenye tovuti yao kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Jambo la kwanza linaloharibika ni kwamba safu zimetenganishwa kwa nukta mkato, siyo mkato, kwa hiyo Excel nyingi zinarundika kila kitu kwenye safu moja. Usilifungue kwa kubofya mara mbili. Fungua Excel tupu, liingize kutoka kwenye sehemu ya data, chagua nukta mkato kuwa kitenganishi, na usimbaji uwe UTF-8 ili majina yenye alama za Kifaransa yasigeuke takataka. Ukishafika hapo, safu nne ndizo zenye kazi: Year, Duo, Explicit na Languages.

Safu ya Year ndiyo ya rika. Nyimbo ambazo mtu anazikumbuka neno kwa neno kwa kawaida ni zile za alipokuwa na miaka 15 hadi 25. Aliyezaliwa 1965 chujia 1980 hadi 1990. Aliyezaliwa 1985 chujia 2000 hadi 2010. Kanuni hii inafanya kazi vizuri Ulaya, ambako programu ilizaliwa. Huku kwetu inahitaji kurekebishwa, na hapa ndipo waendesha karaoke wengi wanapoteleza. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na kabla ya hapo masikio ya mtu wa Tabora au Morogoro yalikuwa kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam na bendi za dansi. Ukimwekea mzee huyo nyimbo za Kiingereza za 1982 eti ndizo za rika lake, atatabasamu kwa adabu na kurudi kwenye bia yake. Mkenya wa umri uleule ni habari nyingine: Kenny Rogers, Jim Reeves, Dolly Parton na Don Williams ni watu wa nyumbani kwake, na eneo hilo KaraFun inalijaza vizuri.

Kwa maneno mengine, programu hiyohiyo moja inaweza kukubebea nusu ya usiku Nairobi, na huko Dodoma ikakuacha na robo. Chuja safu ya Languages uone mwenyewe Kiswahili kimepata nini. Orodha hii imejengwa kwa soko la Ulaya na Marekani. Kiingereza, Kifaransa na Kihispania vimeshiba, sisi tumepewa makombo. Zilipendwa, taarabu na Bongo Fleva itakubidi uzitafute kwingine, na tutafika huko.

Safu ya Explicit itumie bila huruma panapokuwa na watoto na wakwe. Lakini inaangalia matusi tu. Wimbo wenye tafsida ya chumbani unapita bila alama yoyote, na mbele ya baba mkwe tafsida inaeleweka vizuri kuliko tusi lenyewe. Soma maneno.

Safu ya Duo ndiyo hazina ambayo wengi hawaigusi. Rika mbili zinakutana vizuri zaidi kwenye wimbo wa watu wawili kuliko kwenye wimbo "wa wote", kwa sababu shangazi anamvuta mpwa wake jukwaani na meza mbili zinashangilia kwa pamoja. Kwa shughuli ya masaa manne andaa duo 6 hadi 8, na kwa kila moja ujue mapema nani anaanza. Maandishi yanaonyesha waimbaji kwa rangi, ila anayepanda kwa mara ya kwanza hajui rangi yake ni ipi. Mwambie kabla muziki haujaanza.

Sasa ufunguo, au kii kama wanavyosema wapiga vyombo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa. Programu inapandisha na kushusha kwa nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, na hiki ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote kwa ukumbi wa mchanganyiko. Noti za juu hupungua na umri. Wimbo ambao mama aliuimba bila shida akiwa na miaka 25 unamkaba akiwa na 60. Anza kwa kushusha nusu toni 2. Mwanamume anayetaka wimbo wa mwanamke, jaribu kushusha 4. Ukipita hapo muziki unaanza kusikika mzito kama redio yenye betri iliyochoka, na waitikiaji wanageuka majitu. Ukilazimika kufika 5 au 6, zima waitikiaji kabisa. Wao ndio wanaoumbuka mapema.

Angalia pia nyimbo zinazopanda ufunguo katikati. "I Will Always Love You" ya Whitney Houston, ya 1992, baada ya ule ukimya mfupi na pigo la ngoma, inapanda toni nzima. Mtu anaanza kwa upole, anajiona ameweza, halafu ngazi inaondolewa miguuni mwake mbele ya watu 200. Wimbo huohuo uliimbwa kwanza na Dolly Parton mwaka 1974, mtulivu na wenye nafasi ya kupumua. Mwekee huo mwimbaji wa kawaida. Mtego kama huu uko pia kwenye "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, na umejaa kwenye nyimbo za makundi ya wavulana ya kati ya 1995 na 2005, yaani palepale penye moyo wa watu wa miaka 35 hadi 45. Tembeza kila wimbo mpaka kibwagizo cha mwisho kabla ya kuuingiza kwenye orodha yako. Ukiupima ufunguo kwa ubeti wa kwanza, umejidanganya.

Wageni wanaomba nyimbo kwa kuskani msimbo wa QR kwa simu zao. Vijana wanaupenda. Wazee hawausogelei, na foleni inajaa watu wa miaka 22 kabla babu hajavaa miwani. Dawa ni ya zamani: karatasi. Chapa orodha ya nyimbo 60, herufi za ukubwa wa 16, zipangwe kwa miongo badala ya alfabeti, nakala moja kila meza, na penseli. Kisha simamia foleni kwa mkono: aliyekuwa hajaimba anatangulia aliyekwisha kuimba, na nyimbo taratibu zisifuatane mbili.

Mtandao ni udhaifu unaozuilika. Programu ya kompyuta inaruhusu kupakua nyimbo na kuzipiga bila intaneti, lakini kupakua kunachukua muda na nafasi, kwa hiyo ifanye nyumbani siku moja kabla, nyimbo kama 200 utakazozichagua tu. Kutegemea bando la simu ndani ya ukumbi wa watu 300, wote wanarusha picha kwa wakati mmoja, ni kujitakia aibu. Jambo jingine la kusoma kabla ya kulipa: kifurushi cha kawaida ni cha nyumbani. Baa na kumbi wana kifurushi chao, KaraFun Business, na hicho nacho hakiondoi wajibu wa kibali cha kupiga muziki hadharani, kutoka mamlaka ya hakimiliki au mashirika yenye leseni yake: mamlaka hiyo ni COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya.

Turudi kwenye pengo la Kiswahili, maana hapo ndipo orodha ya mwendesha karaoke inapotofautiana na ya jirani yake. Nyimbo 40 za Kiswahili zilizotengenezwa vizuri zina thamani kuliko kifurushi chochote. Njia safi ni kumwomba mtayarishaji au mwenye wimbo biti, yaani muziki bila sauti ya mwimbaji, na ruhusa. Kwa Bongo Fleva biti mara nyingi bado ipo studio. Kwa rekodi za zamani, ukishapata ruhusa, tumia Ultimate Vocal Remover, programu ya bure ya kuondoa sauti ya mwimbaji, na uchague modeli ya Demucs. Rekodi za dansi za miaka ya 1970 zinasumbua: sauti na magitaa vimebanwa pamoja katikati, na kinachotoka kina mabaki ya mwimbaji. Usipigane nayo. Rudisha sauti asilia kwa asilimia 10 hadi 15. Mabaki yatafunikwa, na mwimbaji atapata wa kumshika mkono.

Halafu kata. Nyingi za dansi na rumba zinapita dakika 7, na sebene la dakika 3 ni raha kwa wachezaji lakini kwa mwenye maiki ni adhabu. Anabaki amesimama akiangalia viatu vyake. Acha mizunguko 4 ya sebene, kata mwanzoni mwa pigo la kwanza, unganisha kwa mfifio mfupi wa milisekunde 10 hadi 20 ili pasisikike kidoko. Lenga dakika 4 na nusu.

Maandishi unayapanga kwa Aegisub, programu nyingine ya bure, yenye hali ya karaoke inayojaza rangi silabi kwa silabi. Mgawanyo wa silabi ufanye mwenyewe. "Mpenzi" ina silabi tatu, m-pe-nzi, na ile m ina noti yake; ukiiacha imegandana na "pe", rangi inamtangulia mwimbaji na anajikwaa. Andika kinachoimbwa, siyo kinachofundishwa shuleni: msanii akiimba "nakupenda", usiandike "ninakupenda", maana hiyo silabi ya ziada haina pa kukaa. Mistari 3 kwa skrini, 4 ikizidi sana, herufi zisipungue pikseli 90 kwenye video ya 1080, nyeupe zenye ukingo mweusi. Mstari uonekane sekunde 2 kabla ya kuimbwa. Kwa beti za kufoka fanya sekunde 3. Mwisho unayachoma maandishi kwenye video ya MP4 kwa FFmpeg, programu ya kusindika video. Ukiwa mgeni wa kazi hii, wimbo mmoja utakula kama masaa mawili.

Unaweza kukutana pia na mafaili ya zamani ya MP3+G, yaani MP3 yenye muziki na CDG yenye picha ya maneno, zote zenye jina moja. Picha yake ina rangi 16 tu na ni ndogo mno, kwenye runinga ya inchi 55 herufi zinakuwa kama matofali. Pima ubora kwa ukubwa: CDG ya dakika 4 inakaribia megabaiti 1.7. Ukiona ya kilobaiti 900, maneno yatakatika katikati ya wimbo. Na usikate ukimya wa mwanzo wa MP3 ili "kusafisha". CDG haijui kama umekata, na maneno yatachelewa mpaka mwisho. Kusawazisha sauti kwa MP3Gain hakuna madhara hayo.

Mafaili yako ya MP3+G na MP4 yapige kwa programu ya OpenKJ. Ni ya bure, inapanga mzunguko wa waimbaji, na inaweka historia ya kila mmoja pamoja na ufunguo alioimbia, hivyo mwezi ujao mama yule akirudi huulizi tena. Haifungui nyimbo za KaraFun. Utaendesha programu mbili kwenye kompyuta moja yenye skrini mbili, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunachukua sekunde 10 za kuongea na watu. Sekunde hizo MC yeyote anazimudu.

Kwa hukumu: kwa Kiingereza cha 1975 hadi leo, na Kifaransa kwa wenye wageni wa Bujumbura au Lubumbashi, KaraFun inastahili fedha yake. Kwa mwenye shughuli za Kiswahili tupu, miezi miwili inatosha kujua wageni wako wanaomba nini. Andika kila ombi lililokosekana na umri wa aliyeomba. Zile nyimbo 20 za Kiingereza zinazoombwa kila wiki zinunue moja moja Karaoke Version, duka la kampuni hiyohiyo, kwa MP4 au MP3+G, kwa sababu siku utakayoacha kulipa KaraFun hata zile ulizopakua zinafungwa, wakati faili ulilonunua linabaki kwenye diski yako.