TAHADHARI: Hita plagi feki wanazouziwa wenye pikapu za dizeli msimu huu wa baridi

Ndugu zangu wa Njombe, Makete, Mbeya, Mufindi na kokote kunakopiga baridi, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji wa spea anayezunguka kwenye magrupu ya magari akitangaza "seti ya hita plagi orijino za Hilux" (zile plagi za kupasha injini ya dizeli moto kabla haijawaka) kwa bei kama nusu ya ile ya dukani. Anadai yuko Kariakoo, ila mtaa hautaji, na mzigo anautuma kwa basi. Plagi zile ni feki. Zingekuwa hazipashi moto tu ningesema ni hasara ya pesa, yakaisha. Hizi zinaweza kukufungulisha injini nzima.

Anavyofanya ni hivi. Mtu anaandika asubuhi kwenye grupu: wakuu, Hilux yangu injini 3L, stata inazunguka ila haishiki, ikishika inatetemeka na kutoa moshi mweupe, ikishapata moto haina shida tena mpaka kesho. Hapo hapo jamaa anamfuata pembeni. Haulizi betri ina umri gani. Haulizi oili. Anasema tu, "Bosi wangu hiyo ni hita plagi, ninazo orijino, tuma sasa zipande basi la jioni." Plagi zikifika na tatizo likabaki, hasemi lete nibadilishe. Anasema basi pampu ya dizeli imechoka, na kwa bahati anayo moja ya kutoka Japani. Mdogo wangu anayebeba viazi kutoka upande wa Kitulo amepitishwa njia hiyo hiyo, na kwenye pampu ndipo tulipomzuia. Nimeshaongea na wenye magari wengine waliouziwa na namba hiyo hiyo, na maneno waliyoambiwa ni yale yale.

Anapata wateja kwa sababu anachosema kinafanana na kweli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inawaka kwa sababu hewa ikibanwa sana inapata moto. Injini hizi za Toyota ziitwazo 2L, 3L na 5L (ni majina ya injini, si lita) zinabana hewa takriban mara 22. Sasa asubuhi ya Julai chuma chote kimepoa, joto la hewa iliyobanwa linanyonywa na kuta za silinda, na huku juu hewa yenyewe ni nyepesi. Kazi ya hita plagi ni kupasha ile chemba ndogo iliyo kwenye silinda hedi ili dizeli inayopulizwa na nozo ishike. Moshi mweupe wenye harufu ya mafuta mabichi ni dizeli iliyoingia isiungue. Kwa hiyo ndiyo, inaweza kuwa hita plagi. Lakini inaweza kuwa mambo mengine kadhaa, na yeye hayataji kwa sababu hayauzi.

Plagi za mdogo wangu tulizipima baadaye na multimita, kile kipimo cha umeme. Hita plagi ni waya wa moto ndani ya ala ya chuma, kwa hiyo ukigusa kichwa chake na uzi wake (ile sehemu ya skrubu) unatakiwa upate namba ndogo sana, kwa kawaida ohm 1 au chini yake, na zote nne zikaribiane. (Gusanisha kwanza ncha mbili za multimita zenyewe uone zinasoma ngapi, kisha uitoe hiyo namba.) Katika seti yake moja haikusoma kitu, imekatika kabisa. Nyingine ilikuwa mbali na wenzake. Zilizobaki zilisoma vizuri, lakini ukizitazama unaona ala haijanyooka, na maandishi ya volti yamepigwa juu juu, yanafutika kwa kucha.

Kilichoniuma zaidi ni ile iliyokataa kutoka. Fundi alilegeza uzi wote, plagi ikawa inazunguka bure pale pale. Ncha yake ilikuwa imevimba ndani, imekuwa nene kuliko tundu ililopitia. Ukiivuta kwa nguvu inakatika, kipande kinabaki kwenye chemba, na kikishuka kwenye silinda kinatafuna pistoni. Ilibidi silinda hedi ishuke, pamoja na gasketi mpya na siku za gari kulala gereji wakati viazi viko shambani. Hayo yote kwa plagi ya bei nafuu.

Volti nayo ina mtego wake. Injini hizi zimetoka na mifumo tofauti ya hita kulingana na mwaka na nchi gari lilikotengenezewa. Kuna plagi za volti 6 zinazotegemea kifaa cha kuzipunguzia umeme, na kuna zinazokula umeme wa betri moja kwa moja. Kwa macho na kwa uzi zinafanana. Ukifunga ya volti 6 kwenye mfumo wa 12 inawaka haraka sana, gari linashika vizuri asubuhi za mwanzo, unamshukuru muuzaji, kisha zinaungua au zinavimba. Muuzaji wa kweli atakuuliza namba ya chesisi, au atakwambia toa moja ya zamani usome kilichoandikwa pembeni. Huyu haulizi. Kwake seti ni moja kwa Hilux zote.

Atakutumia pia video: plagi imeshikwa kwa koleo, imeunganishwa kwenye betri, inakuwa nyekundu. Usishawishike na wekundu. Angalia unaanzia wapi. Plagi nzuri huanza kuwa nyekundu kwenye ncha, maana ncha ndiyo iliyo ndani ya chemba. Katika video yake wekundu unaanzia shinani, karibu na uzi, na ncha inabaki nyeusi muda mrefu. Hata ukiifunga, moto unaishia kwenye chuma cha hedi.

Kabla ya kununua chochote, kwa huyu au kwa mwingine, pimeni gari kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja, injini ikiwa bado baridi, na fundi yeyote wa dizeli anaijua.

Anzeni na betri. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia, ikisoma 12.2 imeshafika nusu, na baridi inaipunguzia nguvu zaidi. Mwenzio apige stata huku unaangalia multimita: ikishuka chini ya 9.6, shida iko kwenye betri, vichwa vyake au waya wa bodi, na stata inayozunguka kivivu haiwezi kubana hewa ipate moto hata ukifunga plagi za dhahabu. Hapo hapo angalia oili. Wengi huku wanaweka oili nzito kwa sababu injini imechoka, na asubuhi inakuwa kama uji uliolala.

Kisha umeme wa hita. Ile taa ya njano kwenye dashibodi isikudanganye; inawashwa na kuzimwa na taima, na itazimika kwa wakati wake hata kama plagi zote nne zimekufa. Washa swichi, pima kwenye bamba linalounganisha vichwa vya plagi. Umeme haufiki? Basi ni relei, fyuzi au waya, na plagi mpya hazitasaidia. Umeme unafika? Fungua bamba, pima plagi moja moja kama nilivyoeleza.

La mwisho ni hewa kwenye mafuta, na hili ndilo linalouza pampu nyingi zisizohitajika. Mpira unaopitisha mafuta ukiwa na ufa, dizeli inarudi kwenye tangi usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kupiga stata, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari likishika vizuri baada ya hapo, tafuta mpira au klipu inayoingiza hewa. Asubuhi nyingine egesha pua ikiwa imeelekea chini mteremko uone kama kuna tofauti. Mtu akikwambia pampu imekufa na hajafanya hata hilo, usimpe pesa.

Jamaa anauza pia kopo la kupulizia kwenye njia ya hewa "gari liwake mara moja". Msipulize kitu hicho kwenye injini yenye hita plagi. Ile gesi inashika kabla ya wakati, na hita ikiwa imewaka inaweza kulipuka hapo hapo. Pistoni zinapasuka na ringi zinavunjika kwa mchezo huo.

Waliokwisha kuuziwa, msifute meseji. Hifadhini maboksi, muamala wa simu, risiti ya kutumia basi na plagi zenyewe. Risiti ya EFD hatoi, na ukiiomba anakuzuia. Hilo peke yake linatosha kukujulisha unaongea na nani. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na sisi tulionunua tupeleke malalamiko huko. Namba ya simu ya tapeli itumeni kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na mfungue taarifa polisi, hasa kama mlilipia pampu isifike kabisa.

Jina la akaunti amelibadilisha tayari, picha hajabadilisha: plagi nne zimepangwa juu ya taulo la bluu, boksi jekundu nyuma yake, na saa ya ukutani inayoonekana nusu. Mkiikuta kwenye grupu lolote, pigeni picha ya skrini pamoja na namba inayotangaza, muiweke hapa chini, na mmwambie admini wa grupu hilo.