Fundi aliyesema mizani yangu mbovu

Nianze na lile neno, maana ndilo lililoninyima usingizi: "Mizani yako mbovu."

Alilisema fundi kompyuta, kwa simu. Simu nilikuwa nimeiweka spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa mdalasini, na mbele yangu wamesimama wateja wanne, mmoja wao mzee aliyeteremka kutoka milima ya Amani na kiroba chake cha iliki ya kuniuzia. Mtu asiyefanya biashara ya viungo anaweza asinielewe. Mwambie fundi nguo cherehani yake mbovu, atakujibu ndiyo, inahitaji mafuta. Mwambie muuza iliki mizani yake mbovu, umeshamwita mwizi, tena umemwita mbele za watu.

Duka langu liko Ngamiani, Tanga, huku kwenye barabara za namba. Mizani yangu ni ya kielektroniki, ina waya unaoingia kwenye kompyuta, na uzito unajiandika wenyewe kwenye risiti. Habari za kuandika kwa mkono sizitaki tena, nimeshaibiwa vya kutosha na kalamu yangu mwenyewe.

Kompyuta yenyewe ni ya mpakato, niliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa inajivuta. Baada ya Idi, nadhani ndogo, nikaletewa huyo fundi. Kijana nadhifu, baiskeli yake inang'aa, shikamoo yake ya kweli si ile ya kutupiwa. Akaifuta Windows, akaweka Linux. Kwa hilo sina kinyongo naye hata leo. Ni bure, na wale virusi waliokuwa wakija na flashi za wateja wa kuchapisha barua wakanitoka. Kompyuta ikafufuka. Angeondoka siku ile ile, leo ningekuwa naandika sifa tupu.

Hakuondoka. Akasema, "Dada, bado nzito kidogo. Nitakuchongea keneli yako mwenyewe, nyepesi."

Kwa asiyeijua, keneli ndiyo kiini cha mfumo, ile sehemu inayozungumza na vyuma: diski, kibodi, waya, kila kitu. Hii ya Linux aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na tangu hapo watu wameijazia draiva, yaani vijiprogramu vya kuendeshea kila dubwana lililowahi kuchomekwa kwenye kompyuta. Fundi akanieleza kwa mfano: humu mna draiva maelfu, wewe unazohitaji hazifiki hata mia mbili, ni sawa na kumfungulia stoo nzima mteja anayetaka pilipili manga ya mia tano. Nikacheka. Nikapenda. Nikampa chai na maandazi kwa mbaazi, akakaa kutoka alasiri mpaka watu wanatoka kuswali Isha, maandishi yanateremka kwenye skrini kama mvua ya masika.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika na mimi nimekaa pembeni namminia chai.

Ipo amri inaitwa make localmodconfig. Kazi yake ni kutazama moduli za draiva zilizopakiwa kwenye kompyuta saa hiyo hiyo, halafu kuzima zile zote ambazo hazimo. Ni kama mwalimu anayeita mahudhurio: asiyeitika anafutwa daftarini, iwe mgonjwa, iwe katumwa chaki. Ndiyo maana wanaoijua huchomeka kwanza kila walicho nacho, printa, skana, flashi, hata kile cha kutumika mara moja kwa mwaka, ndipo waite majina.

Na mizani yangu siku hiyo haikuwepo dukani! Mizani ya biashara inahakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, na yangu ilikuwa huko huko kwenye uhakiki. Fundi hakuuliza una vifaa gani. Mezani palikuwa na printa ya risiti na kipanya, basi keneli ikachongwa kwa ajili ya printa na kipanya.

Halafu akaongeza ya mkono. Akafungua ile menyu ya kuchagua, menuconfig, ambamo kila draiva unaipa herufi: y ikae ndani ya keneli moja kwa moja, m iwe moduli ya kuitwa ikihitajika, n isiwepo. Humo kuna chumba kimeandikwa "Misc devices", yaani vifaa vinginevyo, vile visivyo na ukoo. Akasema, "Haya mengineyo tunayafyeka." Nami nikaitikia, fyeka. Hivi dukani kwangu si nina droo ya mengineyo? Ina ufunguo wa kufuli la nyuma, ina gundi, ina kamba za viroba, ina stakabadhi ya kodi ya pango. Siku ukiifyeka ile droo hufungi duka wala hufungui. Baadaye nikaja kujua kwamba tundu la kadi ya kamera pembeni ya kompyuta draiva yake inakaa kwenye chumba hicho hicho. Likafa kimya kimya. Lakini hilo nimesamehe, picha nazipiga kwa simu.

Mizani ikarudi, stika mpya inang'aa. Nikachomeka. Kimya. Taa ya mizani inawaka, namba zinaonekana kwenye kioo chake, ila kompyuta haina habari kama kuna kitu kimeingia.

Simu ya kwanza alijibu kwa upole, "Badilisha waya, dada." Nikabadilisha. Simu ya pili, "Huo nao feki, tafuta mwingine." Nikatafuta mwingine. Simu ya tatu akaniandikisha amri, mimi na miwani yangu, "s, u, d, o, halafu nafasi", huku mteja anauliza karafuu bei gani. Siku ya pili yake akanitumia faili kwa WhatsApp. Ch341, ndiyo draiva ya mizani yangu, kaitoa kwenye kompyuta nyingine, eti niipachike. Wenzangu, draiva ya keneli si bawaba ya mlango, uing'oe kwa jirani uigongomee kwako. Kila moduli imebeba ndani yake alama ya keneli iliyotengenezewa, na zisipolingana inakataliwa. Ikakataliwa kweli: Invalid module format. Nikamsomea herufi kwa herufi.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia anamwambia mtu wa pembeni yake, "Huyu bibi ananisumbua." Bibi! Mimi sijafika hata hamsini. Kisha akarudi kwenye simu, sauti juu: "Tatizo siyo keneli. Keneli yangu safi. Mizani yako mbovu, hizi za Kichina zinadanganya."

Zinadanganya. Mbele ya mzee wa Amani.

Mzee hakusema kitu. Aliitazama mizani, akaitazama stika, akanitazama mimi, akakifunga kiroba chake taratibu. "Nitapita kesho, mama." Sijamwona mpaka leo. Yule mzee nilianza kununua iliki kwake tangu duka likiwa meza moja, na wala hatujawahi kugombania hata gramu kumi.

Usiku nikampigia mtoto wa kaka yangu anayesoma Dar. Nilitaka kulia tu, sikutaka ufundi. Akaniambia, "Shangazi, tulia. Izime, iwashe, ukiona menyu nyeusi chagua ile keneli ya zamani. Huwa haifutwi." Kweli ipo! Nikaichagua, kompyuta ikawaka kama kawaida. Hapa nimpe fundi haki yake: ya zamani hakuifuta, na wapo wanaofuta. Ila na yeye kama alijua ipo, kwa nini asiniambie sentensi hiyo moja badala ya kunituma kununua nyaya?

Nikamuuliza mpwa wangu, sasa si itakuwa nzito tena? Akacheka mpaka nikakasirika. Akasema moduli ambayo haijaitwa imelala kwenye diski tu, haili kumbukumbu, haipunguzi mwendo. Kilichoipa kompyuta yangu wepesi ni kuondoka kwa Windows na mizigo yake. Ile alasiri nzima ya maandishi yanayoteremka, chai yangu, maandazi yangu, faida yake ilikuwa nafasi kidogo kwenye diski na kuizika mizani yangu. Nikasema huyu kijana namwandika jina lake, na la baba yake pia.

Tukachomeka mizani kwenye ile keneli ya kawaida. Mpwa kwenye simu, mimi nasoma dmesg, ambayo ni kama daftari la mlinzi, kila kilichoingia na kutoka kinaandikwa. Ikaandika mizani imeunganishwa kwenye ttyUSB0, ndilo jina Linux inaloupa waya wa namna hiyo. Nikapiga kigelegele, jirani akauliza kuna harusi? Kabla sijamjibu ukaja mstari mwingine: imetenganishwa. Hakuna aliyeugusa waya. Chomeka tena: inaingia, inatoka.

Mpwa akaniuliza, "Shangazi, unaona neno brltty hapo?" Nikaliona.

BRLTTY ni programu ya watu wasioona. Inaendesha vile vifaa vya Braille vya kusomea skrini kwa vidole. Sasa, ndani ya waya wa mizani yangu kuna chipu ndogo ya CH340, ya bei rahisi, imetapakaa dunia nzima, inajitambulisha kwa namba 1a86:7523. Draiva yake inaitwa ch341, ndiyo, majina hayalingani, msinilaumu mimi. Na kumbe kuna kifaa cha Braille kinachojitambulisha kwa namba hiyo hiyo. BRLTTY ikiiona hiyo namba inadhani kaja mwenyeji wake, inamnyang'anya ch341 ule waya, inakaa nao ikisubiri nukta ambazo mizani haitatoa mpaka kiama. Waliokuwa na Ubuntu 22.04 wamekutana nayo wengi.

Hapo hasira zikanipotea njia. Nitamtukana nani? Mjomba wangu wa Pangani haoni tangu ujana wake, na amesoma Braille. Programu inayohangaika kumtafutia mtu kama yeye kifaa chake nami niitukane? Nikakaa kwenye kiti. Isitoshe, ina maana hata fundi asingechonga chochote, mizani yangu isingesoma siku ile. Angehangaika vilevile, pengine na nyaya ningenunua vilevile. Nikaanza kumwonea huruma, wallahi. Nikafikiria hata kumtumia ujumbe.

BRLTTY tuliiondoa, kwa kuwa dukani hakuna anayeitumia. Kwenu kama yupo asiyeona anayefanya kazi kwenye kompyuta hiyo, msiiondoe. Uzimeni tu ule mstari wenye 1a86:7523 kwenye kanuni za udev, ile sehemu inayovitambua vifaa vikichomekwa; vifaa vyake vingine vitaendelea. Kisha kikabaki kikwazo kidogo cha ruhusa, jina langu likaongezwa kwenye dialout, kundi la wanaoruhusiwa kuutumia waya kama huo, nikatoka nikaingia tena, mwendo wa mizani kutuma namba tukauweka 9600. Nikaweka pakiti ya sukari ya kilo. Risiti ikaandika. Nilikuwa peke yangu, saa tano usiku.

Basi kesho yake nikamwandikia fundi kwa heshima kabisa, nikamweleza yote, localmodconfig, BRLTTY, yote, ili mwingine yasije kumfika hayo. Nilikuwa nimeshaamua kumpa nyota tatu, hata nne, maana kijana anajituma na Linux aliyoniwekea naipenda. Akajibu: "Samahani sista kama kuna neno lilikukwaza."

Kama! Kama kuna neno! Wateja wanne walilisikia, yeye bado anatafuta kama lipo.

Kwa hiyo Linux ninabaki nayo, na mwenye mashine ya zamani namshauri aiweke. Keneli ya kuchongewa usikubali mpaka umeleta kila waya ulio nao nyumbani, na hata hapo muulize fundi inakusaidia nini hasa. Kuhusu fundi mwenyewe, sijui. Asubuhi nampa moja, jioni nikiiona kompyuta inavyofunguka upesi nampa tatu, nikimkumbuka mzee wa Amani namnyang'anya zote.

Elfu ishirini aliyobaki kunidai ipo, nimeiweka kwenye droo ya mengineyo. Aje aichukue. Ila aje saa nne asubuhi wateja wakiwa wamejaa, anipimie robo ya iliki kwenye mizani hiyo hiyo, na uzito ausome yeye, kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo kwenye simu.