Kuonja mvinyo Etna: nendeni, ila si na hawa

Nilingoja hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, basi naandika hivyohivyo.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mimi na shoga yangu, wote watoto wa Dodoma tunaoishi Ujerumani. Tulilipia ziara ya kutwa ya kuonja mvinyo kwenye miteremko ya mlima Etna, kule Sisilia. Asubuhi walitufuata hotelini Catania, kwa wakati, gari safi. Hapo sina la kulalamika.

Kituo cha kwanza kilikuwa Milo, upande wa mashariki, na kusema kweli pale sina neno baya hata moja. Mzee mwenye shamba alitupitisha kwenye mizabibu iliyosimama mmoja mmoja, kila mmoja umefungwa kwenye nguzo yake, huku matuta yameshikiliwa na kuta za mawe meusi ya lava yaliyopangwa bila saruji. Akatuingiza kwenye palmento, jengo la mawe ambamo zamani zabibu zilikanyagwa kwa miguu. Kisha akamimina mvinyo mweupe wa zabibu za Carricante. Jamani! Mkavu, una uchachu wa ndimu, halafu mwishoni chumvichumvi kwa mbali. Shoga yangu, ambaye huwa hamalizi glasi, aliomba aongezewe. Hapo ningetoa nyota tano, na ya sita ningeichora mwenyewe.

Mchana tukahamia kaskazini, sehemu za Randazzo. Huku ndiko nilikokufuata hasa. Mashamba yamegawanywa kwa contrada, yaani vitongoji vidogovidogo vyenye majina yao, na kwa kuwa lava haikushuka yote wakati mmoja, udongo wa hapa si wa pale. Zabibu ni ileile, Nerello Mascalese, lakini ukivuka barabara tu ladha imebadilika. Ratiba tuliyolipia ilisema tutaonja mvinyo mwekundu wa contrada mbalimbali na kuulinganisha.

Mhudumu akazunguka meza akimimina. Alipofika kwetu akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja. "Huu ni mkavu sana, nyinyi hamtaupenda," akasema kwa Kiingereza, akaenda kutuletea mweupe mtamu. Hakuuliza! Wenzetu wanazungusha glasi na kunusa, sisi tumewekewa kitu kama sharubati ya harusi.

Nikamwambia kwa upole kwamba kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba mvinyo mwekundu mkavu nimekua nikiuona. Akacheka, akaigeukia meza nzima: "Mvinyo! Afrika!" Afrika hiihii ambayo Cape Town walikamua mvinyo wao wa kwanza mwaka 1659? Hiyo Etna DOC yenyewe, ile nembo rasmi ya asili ya mvinyo wanayojivunia kwenye chupa, ni ya 1968. Nilitaka kumwambia. Shoga yangu akanikanyaga chini ya meza: "Achana naye, tusije tukaachwa huku mlimani." Nikanyamaza, na jibini yao nzuri sikuisikia hata ladha.

Mwongozaji wetu alikuwa wapi? Nje, kwenye simu. Dereva, ambaye kutwa nzima hakupewa nafasi ya kusema, ndiye aliyetuonyesha wakati wa kurudi mahali lava ya 1981 ilipokatiza mashamba na reli, ikaukosakosa mji wa Randazzo. Huyo ndiye angepewa kazi ya kuongoza.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kwa ajili ya yule mzee wa Milo. Kisha nikawaandikia kampuni, wakajibu kwamba wanasikitika "ikiwa tulijisikia vibaya", na wakatupa punguzo la bei kwa ziara ijayo. Ziara ijayo! Basi ni nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Lakini nikisema msiende Etna nitakuwa nawadhulumu. Nendeni. Panda treni ya Circumetnea kutoka Riposto, inauzunguka mlima polepole. Shuka Linguaglossa au Randazzo, na upige simu shambani mapema maana wengi hawapokei mgeni asiye na miadi. Milo treni haifiki, itabidi ukodi gari. Sisi tutarudi kwa njia hiyo, na ule mwekundu nitaulipia tena kwa pesa yangu, kwa kuwa fedha ya ule ambao sikumiminiwa hadi leo hawajanirudishia.