Kasiksi ya Bukavu: ununue kwa nani, uionje vipi

Ukitafuta kasiksi, pombe ya ndizi ya huku Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, iwe ya mahari au ya kupokea wageni, usianze na bei. Muulize mama anayeuza: hii ina siku ngapi? Akijibu papo hapo, onja. Akisitasita, mshukuru upite.

Namba moja kwangu ni ya familia yenye migomba yake, huko mashambani Kabare au Walungu, unayoagiza mapema. Wao ndio waliozika ndizi shimoni hadi zikaiva, wakazikamua kwa nyasi, wakatia unga wa mtama uliokaangwa, kwa hiyo wanajua ilianza kuchacha lini. Ichukue siku ya pili. Imimine kwenye glasi, si kikombe cha plastiki, uone povu likipanda na chembe za mtama zikizama. Nusa kabla ya kunywa: ndizi mbivu itangulie, mtama ufuate. Ukimeza, ukali kidogo ubaki pembeni mwa ulimi, utamu uondoke. Utamu unaong'ang'ania mdomoni mara nyingi ni sukari iliyotiwa kufunika maji. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, maana funda la kwanza la sukari hupendeza kweli.

Na familia hiyo ikipandisha bei, sikiliza kabla ya kubishana. Mnyauko, ugonjwa wa migomba ulioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, umefika hadi huku Kivu Kusini. Ndizi za mgomba mgonjwa huiva kabla ya wakati, na ukizikata utaona madoa ya kahawia ndani. Mtengenezaji mwaminifu huzitupa, na hasara hiyo ni yake. Mimi humlipa.

Namba mbili ni ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, mradi muuzaji akutajie kijiji ilikotoka. Nusa bidoni yenyewe, yaani dumu la plastiki: iliyowahi kubeba petroli haisafishiki. Pua ikipigwa na siki, mwachie.

Namba tatu ni divai ya ndizi ya chupa, iliyochujwa ikawa angavu. Hukaa muda mrefu, na ndugu wa Kinshasa ataipokea salama. Lakini kwa kawaida haina mtama, nami naiona imepungukiwa.

Kasiksi ya bei ya chini mno, isiyojulikana ilikotoka, siiweki kwenye orodha.

Kwa wageni wasiokunywa pombe, iombe familia ileile juisi siku ya kukamua, uinywe siku hiyohiyo. Ikilala, imeanza kuwa pombe.