Mabuti ya mtumba na soli zinazobanduka: nimeyapima hapa Malindi

Asalaam aleikum, karibuni. Leo mezani nina jozi mbili za mabuti ya kupandia milima. Zote ni za mtumba, na zote nimezivaa huku kwetu: Marafa kwenye yale makorongo ya mchanga mwekundu, msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa Gede, na juu ya miamba ya matumbawe maji yakishakupwa. Zote mbili soli zimebanduka. Moja nitaivaa tena wiki ijayo. Ya pili, pamoja na ngozi yake nzuri, hakuna gundi ya kuiponya. Nataka mjue kuzitofautisha kabla hamjatoa pesa, maana nimechoka kusikia mafundi wetu wakilaumiwa kwa kazi ambayo haikuwa na pa kushika.

Majina ya kampuni nimeyaziba kwa utepe, kwa sababu maradhi haya yako kwenye mabuti ya bei kali na ya bei poa vilevile.

Tuanze na hii ya kijivu. Nasogeza kamera. Soli imeachia hapa mbele, kutoka nchani mpaka usawa wa vidole. Tazameni ndani: hili ganda la manjano ni gundi ya kiwandani, imekauka na kuvunjikavunjika. Lakini tabaka hili la katikati, hili povu linalobeba mguu, naliminya kwa ukucha, linabonyea na kurudi. Hili ni EVA, jamii moja na povu la ndara za bafuni. Ubaya wake ni kuchoka. Ukilikanyaga muda mrefu linasinyaa na unaanza kusikia kila jiwe. Ila unyevu hauliozeshi. Kilichokufa hapa ni gundi peke yake, na gundi inabadilishwa.

Sasa hii ya kahawia. Ipindue uone chini: nembo ya manjano ya Vibram, na meno yamesimama wima. Vibram ni kampuni ya Italia. Mwanzilishi wake, Vitale Bramani, alitoa soli yake ya mpira yenye meno mwaka 1937, baada ya wapanda milima wenzake kufa kwenye milima ya Alpi wakiwa na viatu visivyofaa. Mpira wao nauheshimu sana. Lakini nembo ile inasemea mpira wa chini tu, na muuzaji akikuonyesha meno akakwambia hayajagusa hata lami, anakwambia kweli. Swali ni kwa nini hayajagusa lami. Buti lenye meno mapya na mtindo wa zamani limekaa kwenye sanduku la mtu miaka na miaka.

Na kukaa ndiko kulikoliua. Tabaka la kati hapa ni poliyurethani. Ni povu zuri, halichoki haraka, na mabuti mengi mazito yanatengenezwa nalo kwa sababu hiyo. Kasoro yake ni kwamba mvuke wa maji ulio hewani unapenya ndani na kukata minyororo ya molekuli kidogo kidogo. Wataalamu wanaita haidrolisisi. Haingoji uvae, na joto linaiongezea kasi. Ndiyo maana buti la namna hii linaweza kwisha ndani ya miaka 5 hadi 10 tangu litengenezwe, hata kama halijatoka nje ya nyumba. Na sisi tunaishi wapi jamani? Hapa masika yakiingia, Aprili mpaka Juni, mikanda ya ngozi inaota ukungu kabatini. Mtu anaweka buti lake kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga vizuri, anauweka juu ya kabati chini ya bati. Amelifungia na unyevu wote, na joto juu yake.

Nakwangua kwa kidole. Linamomonyoka kama mkate wa kumimina wa juzi. Msituni lilianza kwa kisigino kulegea, na kabla sijafika barabarani mpira wote ulikuwa unaning'inia.

Kwa hiyo ukiwa sokoni, fanya hivi mbele ya muuzaji. Mwombe kwa adabu, "Kaka, naomba nilikunje kidogo." Likunje kwa mikono miwili, halafu tazama ubavuni, pale povu linapokutana na ngozi. Ukiona nyufa ndogondogo, au ukiminya kwa ukucha alama ibaki, au kidole kinate, mrudishie na umshukuru. Fungua pia ulimi wa kiatu. Mengi yana lebo ndani yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mimi siku hizi naisoma lebo hiyo kabla ya kuuliza bei.

Turudi kwa ile ya kijivu. Watu wanakimbilia supaglu. Supaglu inashika upesi, sikatai, lakini ikikauka inakuwa ngumu na inavunjika, na soli inakunjwa kila hatua. Tena inaacha ukoko ambao fundi atahangaika kuukwangua. Gundi inayofaa ni ile ya mkebe ya mafundi viatu, inayobaki laini ikikauka.

Fundi wangu ni mzee mmoja anayekaa kibarazani karibu na soko. Nilimpa buti nikamwambia, "Mzee, ncha tu imeachia." Akaniambia, "Mwanangu, ncha ndiyo unayoiona," akaingiza kisu bapa akafungua zaidi, mpaka alipokuta gundi inayokataa kabisa kuachia. Hapo ndipo palinifanya nimwamini. Anayepaka kwenye mdomo wa ufa tu anakurudisha kwake mwezi ujao.

Alikwangua gundi yote ya zamani, akasugua pande zote mbili kwa msasa, akafuta vumbi kwa spiriti, akaacha kikauke kivulini. Akapaka gundi nyembamba juu na chini. Upande wa povu alirudia mara ya pili, kwa sababu EVA ni laini na gundi haipendi kuishika. Kisha akangoja. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanabandika gundi ikiwa bado mbichi. Ngoja dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa isikufuate kidoleni, ndipo ubandike. Bandika kwa uangalifu, maana ikishagusana haikubali kusogezwa. Akagonga kwa nyundo, akaizungushia tyubu ya baiskeli akaikaza, na akanikataza kuivaa mpaka kesho yake, saa 24 zitimie.

Halafu nikaomba ishonwe ncha, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Alichonga kwanza mfereji mwembamba chini ya soli, uzi ukazama ndani usiliwe na mawe. Mjue tu kwamba mashimo ya sindano yanaingiza maji, kwa hiyo buti lenye utando wa kuzuia maji litaupoteza uwezo huo pale mbele. Kwa matembezi ya huku kwetu, mimi nachagua mshono.

Nimelirudisha Marafa na kwenye matumbawe, na mshono umeshika. Kisigino upande wa nje kimeanza kulika, lakini huko ni kulika kwa haki.

Na lile la kahawia? Lina njia moja tu: kung'oa povu lote na kuwekewa soli mpya. Fundi anaweza kuchonga ya tairi. Itadumu sana, lakini ni nzito na haikunjiki. Kwa buti la ngozi nzima kama hili naona inafaa. La kitambaa, hapana, pesa yako itapotea.

Mkitoka matumbawe, lisuuzeni kwa maji baridi, likauke kivulini, na mlivae mara kwa mara.

La mwisho, kwa wanaokwenda Marafa au msituni na buti la umri mkubwa: tia mkobani kamba na kipande cha tyubu. Soli ikianza kupiga makofi, simama hapo hapo uizungushie, ipite juu ya kiatu na chini ya unyayo, utembee polepole. Na ikitoka yote, usiitupe. Kama povu bado zima, rudi nayo, fundi anaihitaji.